Joto la Des Kinnane

Jumatatu ya kwanza ya Juni, Glenys Truscott alikuwa amepiga magoti kwenye kitalu cha majira ya baridi, akikata majani makuukuu ya mawaridi ya baridi ili maua yakichomoza yaonekane. Kazi hiyo hufanywa kwa mkasi mdogo, shina moja baada ya jingine, na mashina yalikuwa mia nne na ushei. Sakitu, ule umande ulioganda usiku, ilikuwa bado haijayeyuka. Goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kulalamika kabla ya chai ya saa nne, na lilitakiwa limfikishe miaka mitano zaidi hadi astaafu.

Saa mbili na robo marehemu Des Kinnane akaingia kwa lango la mashariki, akafuata njia ya kokoto, akaketi kwenye benchi lake chini ya mti wa hamamelisi.

Alikuwa amevaa alivyovaa siku walipomwokota: koti la buluu la hospitali, kofia ya sufu, viatu visivyo na kamba. Rangi ya uso wake ilikuwa nzuri kuliko alipokuwa hai.

"Glen," akasema.

"Des." Glenys hakuinuka, maana akiinuka atalazimika kupiga magoti tena. "Umerudi."

"Nimerudi. Naona benchi hamjalibadilisha."

"Tumeomba jipya tangu Machi."

"Ee, basi mtangoja."

Glenys akaendelea kukata.

Mjini Tarrant hakuna ambaye hakumjua Des. Kwa miaka thelathini na moja alichochea boila la hospitali, na kama ulizaliwa pale, basi maji uliyoogeshwa mara ya kwanza ni yeye aliyeyapasha. Kisha boila likaondolewa, hospitali ikahamishiwa bondeni, na nyumba aliyokuwa amepanga ikauzwa kwa watu wa pwani waliotaka mahali pa kuja kutazama theluji. Des akahamia kwenye hema. Hema likachanika. Majira ya baridi ya mwaka uliopita alikuwa akishinda ndani ya nyumba ya vioo ya bustani, kati ya okidi na migomba, kwa kuwa humo joto haliruhusiwi kushuka chini ya nyuzi kumi na nane, usiku wala mchana. Okidi zikipoa zaidi ya hapo hudondosha vitumba. Jioni moja alimwomba Glenys amwache humo hadi asubuhi. Glenys alikuwa na funguo mkononi. Akamwambia taratibu haziruhusu. Des akasema sawa, akatoka bila kubishana, kisha akarudi kwa kupanda ukuta mfupi wa upande wa bwawa na kukaa kwenye benchi. Asubuhi ni Glenys aliyemkuta, nyusi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, mikono ameibana makwapani.

Sasa alikuwa amerudi, na hakuwa na kinyongo. Glenys angependa awe nacho. Kinyongo kina mahali pa kukishika.

Kufikia saa nne ilionekana wazi kwamba Des ana joto. Sakitu iliyeyuka kumzunguka, duara la hatua sita, na matandazo yakaanza kufuka mvuke. Tevita, Mtonga wa kule visiwani aliyefanya kazi nzito za bustani, alipita na toroli la mboji, akamwona marehemu, akavua glavu na kumpa mkono.

"Pole na msiba, mzee."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa hata kidogo," Tevita akasema, akiutazama mkono wake. "Wewe unaweza kuchemsha chai." Akatoa pai yake ya nyama mfukoni, akaiweka juu ya benchi, ubavuni pa Des. Saa sita alipoirudia ilikuwa moto mpaka katikati.

Watu waliokuwa wakiishi kwenye magari kule uwanja wa maonyesho walipata habari siku hiyohiyo. Jumatano walikuja wanne. Ijumaa walikuwa tisa. Walifika lango likifunguliwa, wakakaa naye kwenye benchi, wengine chini juu ya mablanketi, wamenyoosha viganja kama watu wanaoota moto. Aliyekaa karibu zaidi alikuwa Raelene Tully, kwa sababu ya kifua chake. Raelene alikuwa mpishi wa shule hadi mgongo ulipomgomea. Alikuwa akilala kwenye gari dogo jeupe lenye dirisha moja la nailoni, na kikohozi alichokipata Aprili hakikuwa kimemwacha. Baada ya siku nne za kukaa na Des alianza kuvuta pumzi bila kifua kupiga filimbi.

"Huyu bwana alipokuwa hai alikuwa hana faida kabisa," akamwambia Glenys. "Nilimwazima tochi, akaipoteza. Mtazame sasa."

"Tochi yenyewe ilikuwa mbovu," akasema Des.

"Ilikuwa inawaka!"

"Ukiipiga kofi."

Saa kumi na nusu Glenys alipita akitikisa kengele ya mkono, na wote wakainuka. Des naye aliinuka. Walitoka pamoja, ila Des alipovuka kizingiti cha lango hakuwepo tena hadi asubuhi iliyofuata. Siku moja Raelene alijaribu kuvuka naye akiwa amemshika mkono. Akajikuta ameshika hewa yenye uvuguvugu, kisha hewa ya kawaida. Akaingiza mkono mfukoni, akaenda zake.

Wiki ya pili mkuu wa bustani, Leith Carmody, alikuja na kipimajoto cha udongo. Leith alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na hakuwa mkali. Alikichomeka kipimajoto kwenye kitalu mara tatu, mahali patatu, akaandika.

"Nyuzi ishirini na sita," akasema. "Glen, wewe ndiye uliyenifundisha mambo haya. Hamamelisi itachanua kweli?"

Glenys alivuta tawi chini. Vitumba vilikuwa vimefumba kama ngumi. Mti ule unataka baridi. Bila majuma ya sakitu hauoni sababu ya kutoa zile nyuzi zake za njano, zinazofanana na maganda ya limau yaliyokatwa membamba. Mawaridi ya baridi yalikuwa yamekosea hesabu kabisa na kuanza kutoa majani mapya kama vile Septemba imeingia na baridi imekwisha. Miguuni pa Des palikuwa pameota mche wa nyanya, labda kutoka kwenye mkate wa mtu.

"Haitachanua," akasema Glenys.

"Na Wiki ya Maua ya Baridi imebakiza siku thelathini na tatu. Halmashauri yote inakuja. Tukiwaonyesha kitalu cha majani, mwakani wanalifuta fungu letu, na wewe na Tevita mtakuwa wa kwanza kuondoka. Sikutishi, nakueleza tu."

"Ninajua hunitishi."

Wakatazama benchi. Raelene alikuwa amesinzia, kichwa begani pa marehemu.

Alasiri hiyo Glenys alikwenda ofisini kwa Leith, jambo alilokuwa amelifanya mara mbili tu katika miaka ishirini na sita. Alisimama, kwa kuwa viti vya pale vilikuwa vya chini mno kwa goti lake. Akasema kwamba nyumba ya vioo ni kubwa. Akasema inapashwa moto usiku kucha kwa ajili ya okidi mia mbili, na njia iliyo kati ya meza inatosha watu kumi wakilala kwa mstari. Akasema atakuwa tayari kulala huko mwenyewe kuwaangalia.

Leith alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua jalada na kumsomea kifungu cha kumi na nne: hakuna mtu atakayebaki ndani ya bustani baada ya saa ya kufunga. Bima ilisimama juu ya kifungu hicho kama meza inavyosimama juu ya miguu yake.

"Lakini nimewauliza watu wa bima kuhusu Des," akasema. "Wametafuta siku mbili nzima. Wamesema marehemu si mtu, kwa maana ya mkataba. Anaweza kubaki."

"Abaki wapi?"

"Nyumba ya vioo. Lile boila linakufa, Glen, na jipya hatupewi. Yeye akikaa katikati, okidi zinapata joto lao na kitalu chako kinapata baridi yake. Kila mmoja amepata."

"Na walio hai?"

Leith akafunga jalada. "Walio hai ni watu," akasema.

Kumweleza Des iliachiwa Glenys, kwa kuwa wanajuana. Alimkuta akitazama shomoro wakioga vumbi kwenye udongo mkavu wa miguuni pake. Alimwambia yote, bila kupunguza.

"Mwaka jana nilikuomba humohumo," akasema Des.

"Ndiyo. Uliniomba."

"Nikikataa?"

"Watalizungushia benchi uzio."

"Na hawa?"

"Mchana wataruhusiwa kuja kukaa nawe. Kwa zamu, watu sita sita. Jioni watatoka."

Des akainuka, akajikung'uta. "Basi twende," akasema. "Nilikuwa natamani sana kuona zile okidi zikifunga macho usiku."

"Hazifungi macho, Des."

"Usiniharibie."

Walimwekea kiti cha mbao katikati ya nyumba ya vioo, chini ya mgomba. Tevita akazima boila siku ya pili, na kipimajoto ukutani kikasimama kwenye nyuzi ishirini bila kutikisika. Okidi zikapendeza. Zile za manjano zenye madoa, ambazo zilikuwa hazijachanua tangu enzi za mkuu aliyepita, zilitoa mabua matatu. Kwenye karatasi ya kuwagawia wageni Leith aliandika kwamba nyumba ya vioo sasa inapata joto lake kwa njia endelevu, yenye asili ya hapahapa. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Nje baridi ilirudi kitaluni kama mpangaji aliyesahau funguo. Kila asubuhi Glenys alikuta sakitu imepanda hadi kwenye benchi. Vitumba vya hamamelisi vikaanza kulegea.

Jioni za kwanza Raelene alikuwa mwepesi wa kutania. "Hebu nieleze vizuri, dada Glen," akasema langoni, blanketi mabegani. "Mtu akitaka kulala mle, lazima afe kwanza? Kuna fomu? Foleni imefika wapi?" Wenzake walicheka, na Glenys akacheka nao kidogo. Baada ya juma moja hakuna aliyetania tena, na kifua cha Raelene kilikuwa kimeanza kupiga filimbi upya.

Glenys aliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dada yake, pamoja na mama yao, ambaye alikuwa hamtambui mtu yeyote tena na akiona uso mgeni hupiga mayowe. Alimpeleka Raelene huko. Mama alipiga mayowe mpaka jirani akaja na kurunzi. Raelene mwenyewe ndiye aliyesema basi, mwache mama apumzike, akarudi garini.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na nusu, Glenys alitikisa kengele, akahesabu watu waliotoka langoni, na hakumhesabu Raelene. Alikuwa amemwacha ndani ya nyumba ya vioo, na komeo hakulisukuma hadi mwisho. Kisha akapanda basi, akaenda kumwogesha mama yake.

Asubuhi alimkuta Raelene amejikunja kwenye njia iliyo kati ya meza, miguu peku, mashavu yamerudiwa na rangi. Des alikuwa amekaa vilevile kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mtu aliyekesha kwenye zamu yake.

"Hakukohoa hata mara moja," Des akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nahesabu."

Kamera ya mlangoni ilikuwa imewaona. Leith alimpa Glenys onyo la maandishi, na alipomkabidhi hakumtazama usoni. Mwisho wa juma fundi alikuja kutoka bondeni akang'oa kitasa cha nyumba ya vioo na kufunga kingine kinachojifunga chenyewe saa kumi na nusu na kujifungua chenyewe saa mbili, bila ufunguo wala mkono wa mtu. Fundi alimweleza Glenys kwamba sasa amepunguziwa kazi.

Nyumba ya vioo ya Tarrant ina vioo pande tatu. Upande wa nne, wa nyuma, ni ukuta wa matofali, na nje ya ukuta huo ndiyo barabara. Siku mbili baada ya kitasa kufungwa, Des alihamisha kiti chake. Alikitoa chini ya mgomba, akakiegemeza kwenye matofali, akakaa na kuupa ukuta mgongo wake wote.

Kwa nje ukuta ulipata joto kufikia saa kumi na moja. Raelene ndiye aliyeligundua, kwa kuwa alipita akiushika ili asianguke kwenye barafu. Jioni hiyo walikaa watatu kwenye kando ya barabara, migongo ukutani. Kesho yake walikuwa kumi na mmoja, wamepangana kama vitabu. Wenye mbwa walikuja na mbwa. Glenys alipopita kwenda kituo cha basi alimsikia Raelene akigonga tofali kwa kifundo cha kidole, na Des akijibu kwa ndani, mara mbili.

Zilikuwa jioni nane. Glenys alizihesabu, kwa kuwa katika jioni hizo nane aliweza kula chakula chake chote.

Okidi za mbele, zile za karibu na mlango, ndizo zilizosema. Zilianza kudondosha vitumba, kimoja kimoja, vikaanguka kwenye kokoto. Leith alivikusanya ndani ya bahasha na kuja nayo kitaluni.

"Kumi na sita, mbele ya mlango. Wageni wanaingia kwa mlango huo. Mwambie arudi katikati."

Glenys akaenda. "Wamesema urudi katikati," akamwambia Des.

"Umeniambia."

"Nimekuambia."

"Raelene yuko usawa wa hapa," akasema Des, akijigusa kati ya mabega. "Namsikia anavyopumua. Siondoki."

Glenys akarudi, akaandika kwenye daftari la kazi kwamba marehemu ameambiwa. Akaandika na saa.

Kumhamisha kwa nguvu haikuwezekana, kwani Tevita alijaribu siku moja kwa utani kumvuta akiwa hataki, na akapata malengelenge. Basi Alhamisi, siku mbili kabla ya Wiki ya Maua ya Baridi, gari lilileta mabamba ya kuzuia joto, meupe, mapana kama milango, mepesi ajabu. Karatasi ya kazi ilisema: kuwekwa upande wa ndani wa ukuta wa nyuma, leo. Ilikuwa na majina mawili.

Tevita aliisoma mara mbili. "Nina watoto wanne, mama," akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Shika drili," akasema Glenys. "Mimi nitashika bamba."

Des aliwasogezea kiti hatua moja ili wapate nafasi. Hakuwasaidia na hakuwazuia. Aliwatazama wakipiga skrubu, na ilipofika bamba la tano akamwambia Tevita kwamba liko upande, alinyanyue kidogo kushoto. Tevita akalinyanyua. Walipomaliza, Des akarudisha kiti chini ya mgomba, akakaa. Vioo vya pande zote tatu vikafunikwa na ukungu.

"Glen," akasema, "hili si kosa lako."

Glenys akaokota skrubu zilizobaki, akazirudisha kwenye kopo.

Jumamosi hamamelisi ilichanua yote kwa siku moja, matawi yakiwa matupu bila jani, na harufu yake ilifika hadi kwenye maegesho. Mawaridi ya baridi yalitoka mamia, ya zambarau, ya kijani, meupe yenye madoa. Diwani mmoja alipiga magoti kuyatazama kwa chini. Walimwuliza Glenys siri ni nini. Akasema baridi. Wakaandika. Ndani ya nyumba ya vioo watoto walipangwa mstari kumshika Des mkono, na Des akamsalimu kila mmoja na kumwuliza amezaliwa wapi.

Saa kumi na nusu kitasa kikajifunga. Glenys alifunga lango kubwa, akapita nyuma kwa barabara.

Raelene alikuwa amewahi kushika nafasi. Tangu Alhamisi alikuwa kwa daktari kule bondeni, wakamrudisha na vidonge. Jioni hizo mbili wenzake walikuwa wamejipasha kwa joto lililosalia ndani ya matofali. Aliweka kiganja juu ya tofali, akangoja. Akasogea hatua mbili, akaweka tena. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Mmefanya nini?" akauliza.

"Tumeweka mabamba. Kwa ndani."

"Nani ameweka? Wewe?"

"Mimi na Tevita."

Raelene alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Wengine walikuwa wanakuja kwa mbali na mablanketi yao, na mbwa wawili mbele. Akamtazama Glenys kwa makini, kuanzia kofia hadi goti alilokuwa ameliegemeza ukutani.

"Umekula leo?" akamwuliza. "Sura yako imechoka, dada."

Glenys akasema amekula. Raelene akakunja blanketi lake kwa uangalifu, ncha kwa ncha, akalitia kwapani. Akaanza kushuka barabara kuwapa wenzake habari kabla hawajaumaliza mlima bure, na kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye kona ya posta.